Betri Iliyohamishiwa Nyuma

Kila chombo kina mizani yake. Jahazi lina shehena na farumi, na nahodha ajuaye kazi yake hatweki tanga kabla ya kutazama kama uzito umelalia tezi au umelalia omo. Motokaa nayo ni chombo. Uzito wake mwingi aghalabu uko mbele, palipo injini, na kwa sababu hiyo watu wapendao kuzitengeneza upya motokaa zao huvutwa na wazo moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni jepesi kabisa: kuiondoa betri chini ya boneti na kuipeleka nyuma, katika buti. Wazo hili si la upumbavu. Lina sababu zake, lina historia yake, na wahandisi wenye akili kubwa wamelitumia. Walakini lina sharti zito, na wengi hulifuata wazo wakaliacha sharti.

Sababu ya kwanza ni hiyo mizani. Betri ya motokaa ya kawaida huwa na uzito wa kilo 12 mpaka 20, na nyingine hupita hapo. Chukua mfano wa motokaa ya kilo 1,000, ambayo kilo 600 zinabebwa na magurudumu ya mbele na kilo 400 na magurudumu ya nyuma, na kutoka ekseli moja mpaka ya pili ni mita 2.5. Betri ya kilo 18 ikisogezwa mita 3 kuelekea nyuma, magurudumu ya mbele yatapunguziwa zaidi ya kilo 21, na ya nyuma yataongezewa kadiri hiyo hiyo. Palipokuwa na sehemu 60 kwa 40 katika mia patakuwa na karibu 58 kwa 42. Kwa mtu aendaye sokoni na kurudi faida hiyo haionekani. Kwa mshindani wa mbio, ambaye magurudumu yake ya nyuma ndiyo yasukumayo, sehemu mbili katika mia ni mali.

Sababu ya pili ni joto. Betri hufupishwa umri na joto, na chini ya boneti, karibu na injini ichemkayo, joto haliishi. Katika nchi ya jua kali, betri iliyo mbele hupata adhabu mbili kwa wakati mmoja. Sababu ya tatu ni nafasi. Mtu atiaye injini kubwa zaidi mahali pa injini ndogo huona kwamba kitu cha kwanza kumzuia ni lile sanduku jeusi la betri, akasema moyoni mwake kwamba buti ni pana na halina kazi kila siku. Sababu zote tatu ni za kweli, wala hapana haja ya kumcheka mwenye kuzitaja.

Tena si jambo geni. Tarehe 26 Agosti 1959, kampuni ya British Motor Corporation ya Uingereza ilitoa motokaa ndogo iitwayo Mini, iliyobuniwa na Alec Issigonis. Urefu wake ulikuwa kama mita 3 tu, nayo ilitakiwa kubeba watu wanne na mizigo yao. Issigonis aliilaza injini kwa upana badala ya urefu, akaliweka giaboksi chini yake, akayabana magurudumu katika pembe nne za motokaa. Betri ya saluni ile ilitiwa katika shimo la sakafu ya buti, na kebo yake ikapita chini ya motokaa mpaka mbele. Katika buti lile lile, upande wa pili, mlikuwa na tangi la petroli. Motokaa hiyo iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 2000, na mamilioni ya watu waliiendesha. Mwaka 1989 Mazda walitoa motokaa yao ndogo ya viti viwili, MX-5, nayo betri yake ilikuwa katika buti. Kampuni ya BMW imefanya hivyo katika motokaa zake nyingi kwa ajili ya mizani. Basi mtu ana haki ya kuuliza: ikiwa viwanda vimefanya, kwa nini fundi wa mtaani asifanye?

Jawabu ni kwamba anaweza kufanya, ikiwa atafanya yote yaliyofanywa na viwanda. Mini haikupewa betri ya nyuma tu. Ilipewa pia kebo iliyopimwa, njia iliyoandaliwa na shimo lenye kishikio chake. MX-5 ilipewa betri ya namna ya pekee, iliyofungwa, na mirija ya kutoa hewa yake nje. BMW walifika hata kutia baruti ndogo katika kichwa cha kebo ya baadhi ya motokaa zao, ili motokaa ikigongwa kwa nguvu, baruti ile ilipuke na kuikata kebo ya injini mara moja. Mtu hatii baruti karibu na betri kwa mchezo. Aliyefanya hivyo alikuwa ameijua hatari aliyokuwa akiipisha chini ya miguu ya abiria.

Hatari hiyo ni ipi? Watu wengi huidharau betri kwa sababu volti 12 hazimrushi mtu. Mkono mkavu huzishika ncha zake mbili bila ya kuhisi kitu, na kisichouma hakiogopwi. Lakini betri haina ukali wa volti. Ina wingi wa umeme. Mfaransa Gaston Planté alibuni mwaka 1859 betri ya kwanza ya risasi iwezayo kujazwa umeme tena na tena, na betri ya motokaa ya leo ni mjukuu wake: vyumba sita vya bamba za risasi ndani ya tindikali, kila chumba kikitoa volti 2 na kidogo. Kazi yake kubwa ni ile iliyoanza mwaka 1912, wakati motokaa za Cadillac zilipotolewa zikiwa na stata ya umeme ya Charles Kettering, na madereva wakaanza kuachana na mkono wa chuma wa kuzungushia injini. Stata ya motokaa ya kadiri huvuta ampea 150, au 200, au zaidi. Ncha chanya ikigusana na bodi pasipo kitu cha kuzuia, ampea zaidi ya 1,000 zaweza kupita. Spana iliyoangukia mahali hapo huwa nyekundu kama chuma cha mhunzi. Pete ya kidoleni iliyonaswa kati ya spana na bodi huunguza kidole mpaka mfupani.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Betri inapokuwa mbele, waya wake mnene una urefu wa mkono mmoja, nao unakwenda kwa jirani yake, stata, mahali ambapo macho ya fundi huuona kila afunguapo boneti. Betri inapohamia nyuma, waya ule hurefuka mpaka mita 4 au 5. Hupenya kuta za bati, hupita chini ya viti, hukaribia bomba la moshi, mirija ya breki na mrija wa petroli, ambao nao unatoka nyuma kwenda mbele kwa safari ile ile. Mtu husema, "Nimeihamisha betri," na kweli ameihamisha. Lakini jambo kubwa zaidi alilolifanya hakulitaja. Ametandika njia ya moto chini ya watu. Uzito umesogea mita 3, na hatari haikusogea: imerefushwa, ikatoka mahali pamoja palipoonekana ikaenea katika motokaa nzima mahali pasipoonekana.

Kisa kimoja chatosha kulionyesha hili. Kijana mmoja alinunua motokaa iliyokwisha kutumika, na betri yake ilikuwa tayari katika buti, kazi ya mtu wa kabla yake. Asubuhi stata ilizunguka kwa uvivu, akaipeleka kwa fundi mmoja mzee.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Ina nini?"

"Stata imechoka. Nimetia betri mpya juzi, lakini haikusaidia kitu."

Mzee hakuitazama stata. Alifungua buti, akaitazama kebo, kisha akamwomba kijana aondoe kiti cha nyuma. Chini ya kiti ilionekana kebo nyembamba ikipenya tundu la bati lililotobolewa kwa keekee, na tundu lile halikuvikwa mpira. Ukingo wa bati ulikuwa umekwisha kuikata plastiki ya kebo mpaka shaba ikawa inang'aa kama jicho la paka gizani. Palikuwa na unene wa karatasi tu kati ya shaba na bati. Mzee aliuliza:

"Fyuzi iko wapi?"

"Ziko mbele, fundi, katika sanduku lake."

"Sikuulizi hizo. Ya kebo hii, hapa nyuma karibu na betri."

Kijana akakaa kimya, kwa kuwa haikuwapo. Mzee akauliza tena, "Na kiti hiki hukaliwa na nani?"

"Mama, na wadogo zangu wawili, Ijumaa tukienda kijijini."

"Betri yako ni mpya kweli?"

"Mpya kabisa, fundi."

"Basi hilo ndilo baya zaidi. Ile ya zamani huenda ingechoka kabla ya kuwaunguza."

Kijana alikuwa amekuja kwa ajili ya stata. Aliondoka akijua kwamba kwa muda wa miezi kadha alikuwa akimpakia mama yake juu ya moto uliokuwa ukingoja tuta moja la barabarani. Katika motokaa ile hapakuwa na kitu kilichokosa kufanya kazi. Taa ziliwaka, honi ililia, injini iliwaka hata kama kwa uvivu. Hivi ndivyo kazi mbaya ya umeme ilivyo: haitoi dalili mpaka siku inapotoa moto.

Fyuzi aliyoiuliza mzee ndiyo sharti la kwanza, nayo mahali pake ni muhimu kuliko kuwapo kwake. Fyuzi huilinda kebo iliyo mbele yake tu, yaani ile inayoendelea kutoka kwake. Sehemu iliyo kati yake na betri haina mlinzi. Mtu afungaye fyuzi karibu na injini, kwa sababu huko ndiko kwenye nafasi, ameweka mlinzi mwisho wa njia na kuliacha lango wazi. Fyuzi hufungwa katika kebo ya chanya, karibu na betri kadiri iwezekanavyo, isivuke sentimita 30 au hivi. Ukubwa wake lazima uvumilie mvuto wa stata, na lazima uwe chini ya kiasi kinachoweza kuiyeyusha kebo. Hata hivyo fyuzi si ruhusa ya kuitupa kebo ovyo. Kebo iliyosagika ikagusa bati kidogo kidogo yaweza kuvuta ampea 80 au 100, kiasi kisichotosha kuikata fyuzi ya ampea 250, lakini chatosha kabisa kuwasha zulia.

Kwa hiyo sharti la pili ni njia yenyewe. Kila tundu la bati livikwe pete ya mpira. Kebo ivikwe ala ya pili juu ya ala yake, ifungwe kwa vishikio kila baada ya sentimita 30 au kama hivyo, ili isicheze wala isining'inie. Ipite upande usio na mrija wa petroli, na iwe mbali na bomba la moshi na vitu vyote vizungukavyo au visogeavyo, pamoja na reli za viti. Ikiwa inapita ndani, chini ya zulia la ukingoni, ipite mahali ambapo visigino vya abiria havitaikanyaga. Katika motokaa za siku hizi, chini ya zulia hilo hilo na chini ya viti hupita nyaya za mifuko ya hewa, ambazo aghalabu huvikwa rangi ya manjano. Hizo hazikatwi, hazivutwi, wala hazifungwi pamoja na kebo ya betri.

Sharti la tatu ni unene, na hili ndilo lililokuwa likiichosha stata ya yule kijana. Umeme upitao katika waya mrefu hupoteza nguvu njiani. Kebo ya shaba yenye urefu wa mita 5 na unene wa milimita 16 za mraba, ikipitisha ampea 200, hupoteza zaidi ya volti 1. Kebo ya urefu huo huo yenye milimita 50 za mraba hupoteza kama theluthi ya volti. Betri inapovutwa na stata, yenyewe hushuka kutoka volti 12 na kitu mpaka 10 au 11. Ikiwa kebo nayo itakula volti nzima, kinachobaki ni kidogo, na nguvu iliyopotea haikwenda peponi, imegeuka joto ndani ya kebo. Mtu akiona stata imelegea akanunua betri kubwa zaidi ili kuisaidia kebo nyembamba, anamwongezea punda mzigo kwa kuwa amechoka.

Sharti la nne husahauliwa kwa sababu halionekani kama sharti. Umeme utokao lazima urudi. Katika motokaa hurudi kwa njia ya bodi, na waya hasi ufungwao katika bodi mafundi huuita ethi. Ethi ya betri iliyo katika buti iwe fupi, iwe nene kama kebo ya chanya, na ifungwe katika chuma kizito kilichokwanguliwa rangi mpaka kung'aa, kisha kipakwe grisi au rangi baada ya kufungwa ili kisishike kutu. Kule mbele nako, injini, ambayo imelala juu ya mipira, lazima iwe na ethi yake nene ya kuiunga na bodi. Ethi hiyo ikiwa mbovu, umeme wa stata hautakata tamaa. Utatafuta njia nyingine, na yamewahi kuonekana magari ambayo waya wa akselereta uliteketea kwa sababu umeme wote wa stata uliupitia ukitafuta kurudi nyumbani.

Yaliyokwisha kutajwa ni ya umeme. Yafuatayo ni ya betri yenyewe, kwa maana imehamia katika nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili yake. Buti ni mahali pa mizigo: jeki, spana, gurudumu la akiba, gunia la mkaa, na kwa watu wengine debe la petroli. Jeki iliyolala juu ya ncha mbili za betri zisizofunikwa ni mwanzo wa moto, na debe lile ni mwisho wake. Basi ncha lazima zifunikwe, na betri iwe ndani ya sanduku lenye kifuniko. Sanduku hilo lisishikwe kwa mkanda wa kitambaa na matumaini. Motokaa inapogonga kitu kwa nguvu, kila kilichomo huendelea na safari kwa uzito ulioongezeka mara nyingi. Betri ya kilo 18, ikisimamishwa kwa ghafula mara 20 ya nguvu ya uzito wake, huvuta kama kitu cha kilo 360, na uelekeo wake ni migongo ya walioketi mbele yake. Chama cha National Hot Rod Association, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1951 kusimamia mbio za motokaa, huagiza kwamba betri iliyohamishwa ishikwe kwa bolti zisizopungua mbili, kila moja yenye unene wa inchi 3/8, yaani kama milimita 9.5, zilizofungwa katika chesi au umbile lake. Bolti hizo hazikutungwa na watu waoga. Zimetungwa na watu waliozoea kuona motokaa zikibiringika.

Kisha kuna pumzi ya betri. Inapojazwa umeme, na zaidi inapojazwa kupita kiasi, hutoa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na ikiwa katika hewa kwa kiasi cha sehemu 4 mpaka 75 katika mia huweza kuwaka kwa cheche moja. Mbele, chini ya boneti, upepo huichukua. Katika buti lililofungwa haina pa kwenda, na buti la motokaa nyingi linapumua ndani ya chumba cha abiria. Ndiyo maana betri ya buti yafaa iwe ya namna iliyofungwa, ambayo tindikali yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, nayo iwe na mrija wa kutoa hewa nje ya bodi. Hata hiyo iliyofungwa ina vali ya kufunguka shinikizo likizidi, basi neno "imefungwa" lisimdanganye mtu akauacha mrija.

Jambo hili linawahusu hata watu ambao hawajawahi kuwaza kuhamisha betri. Motokaa nyingi ziletwazo Afrika Mashariki kutoka Japani, baada ya kutumika huko, tayari zina betri ndogo ya volti 12 katika buti; Toyota Prius ni mfano unaojulikana. Betri hiyo ilitoka kiwandani ikiwa ya namna iliyofungwa na yenye mrija. Inapokufa, mwenye motokaa huenda dukani, akaona bei yake, akachagua betri ya kawaida yenye tindikali ya maji, ambayo ni nafuu. Inaingia, inafungwa, taa zinawaka, na mrija unaachwa ukining'inia bila ya kuungwa na kitu. Mtu huyo hakuhamisha betri. Lakini kwa akiba ya fedha kidogo amelivunja sharti ambalo mhandisi wa mbali alilitimiza kwa niaba yake.

Wako wengine ambao hatima yao imo katika kazi hii, nao hawatakuwapo siku inapofanywa. Wa kwanza ni mwokoaji. Ajali inapotokea, zimamoto au msamaria wa barabarani hufungua boneti ili aikate betri, kwa kuwa umeme ulio hai huweza kuwasha petroli iliyomwagika au kuilipua mifuko ya hewa iliyokuwa bado haijafunguka. Akikuta pahali patupu, dakika anazozitumia kutafuta ni dakika za mtu aliyebanwa ndani. Kwa ajili ya huyo, chama kile cha Marekani kinataka motokaa ya mbio ambayo betri yake imehamishwa iwe na swichi kuu upande wa nyuma, ya kuzimwa na mtu aliye nje, na izime kila kitu pamoja na injini. Neno "pamoja na injini" lina maana yake. Altaneta ya injini inayozunguka huendelea kutoa umeme hata betri ikiondolewa, na swichi iliyofungwa vibaya itaitenga betri huku nyaya zote zikibaki hai. Motokaa ya nyumbani hailazimishwi na chama chochote cha mbio. Hata hivyo mama wa kijana yule hana mwili wa namna nyingine.

Utaratibu wa kazi nao ni sehemu ya usalama. Kabla ya kugusa kitu chochote, hasi hufunguliwa kwanza. Baada ya kumaliza kila kitu, hasi hufungwa mwisho. Sababu yake ni nyepesi. Ikiwa hasi bado imefungwa katika bodi, spana ifunguayo chanya ikigusa bati popote huwa imekamilisha njia ya umeme. Hasi ikiwa imekwisha kutolewa, spana hiyo itagusa bati bure. Katika motokaa yenye mifuko ya hewa, fundi hungoja dakika kadha baada ya kuitoa hasi kabla ya kuinua zulia au kiti. Kebo huwekwa yote, hushikwa yote, na kukaguliwa yote, fyuzi ikiwa bado mkononi. Fyuzi hutiwa baada ya macho kuridhika.

Baada ya haya yote, swali la kwanza husimama tena likingoja jawabu: je, yafaa? Gharama ya kebo nene, fyuzi, sanduku, bolti, mrija na swichi, pamoja na ujira wa fundi asiyeharakisha, mara nyingi huzidi thamani ya sehemu mbili za mizani zilizopatikana. Mshindani wa mbio atalipa, na ana haki. Mwenye injini kubwa asiye na nafasi nyingine atalipa, naye ana haki. Lakini mtu ambaye sababu yake ni kwamba ameona kwa mwenzake, huyo ni heri ainunulie motokaa yake breki mpya na kuiacha betri mahali pake. Ikiwa kinachomsumbua ni joto, ngao ya bati kati ya injini na betri itamgharimu kidogo na haitamrefushia waya hata sentimita moja.

Na aliyeamua kuhamisha, amkumbuke mtu wa pili asiyekuwapo, yaani mnunuzi. Motokaa huuzwa, na kebo iliyo chini ya zulia haisemi. Kijana wa kisa kile alinunua motokaa pamoja na siri iliyokuwa ndani yake, na aliyemwuzia huenda hakuwa mtu mbaya. Yamkini naye aliisahau. Dawa yake ni karatasi moja iliyokingwa na maji, ikabandikwa chini ya boneti pale betri ilipokuwa, nyingine ikabandikwa chini ya kifuniko cha buti. Iandikwe mahali betri ilipo, upande kebo ipitapo, mahali fyuzi ilipo na ampea zake, mahali swichi ilipo, na mwaka kazi ilipofanywa. Kuiandika hakuchukui robo saa.